Hirimu ya Mwaka 1909: Maisha ya Shaaban Robert

Watoto waliozaliwa Birongo, katika nchi ya Nyaribari huko Gusii, mnamo mwaka 1909 hawakuandikiwa cheti chochote. Umri wao ulihesabiwa kwa tukio lililokuwa karibu, na tukio hilo lilikuwa zito. Mnamo Januari 1908 kijana Otenyo alimchoma mkuki Northcote, ofisa wa Kiingereza, na askari waliotumwa kulipiza kisasi waliteketeza nyumba na kuswaga ng'ombe. Wagusii walilea kizazi kilichofuata wakiwa bado wanayahesabu yaliyopotea. Ni katika mwaka huohuo wa 1909, tarehe 1 Januari, ambapo Shaaban Robert alizaliwa katika kijiji cha Vibambani, kusini mwa Tanga. Huko nako kulikuwa na bwana mgeni, ila yeye alikuwa Mjerumani.

Kwa hiyo mtoto wa Birongo na mtoto wa Vibambani walikuwa hirimu moja chini ya bendera mbili, na bendera hizo zilipogombana, vita viliwafikia wote. Tarehe 12 Septemba 1914 Wajerumani waliovuka mpaka walipigana na Waingereza katika mji wa Kisii. Baadhi ya wenyeji walidhani kwamba utawala wa mzungu umekwisha, wakapora mali mjini na katika misheni, nao baadaye waliadhibiwa vikali. Haikupita miezi miwili, jeshi la Waingereza lililotoka Bara Hindi liliteremka Tanga na kushindwa vibaya na jeshi la von Lettow-Vorbeck. Shaaban alikuwa na umri wa miaka mitano. Vita vilipokwisha, Tanganyika ilitiwa mikononi mwa Uingereza, na wanahirimu hawa wawili wakawa raia wa chini wa mfalme mmoja bila kuulizwa.

Shaaban alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, akashika nafasi ya pili miongoni mwa wanafunzi kumi na mmoja waliofaulu. Ufaulu huo ulimpatia ukarani. Kuanzia 1926 hadi 1944 alitumikia Idara ya Forodha, kisha Idara ya Wanyama, kisha ofisi ya Jimbo la Tanga, na hatimaye Idara ya Upimaji hadi 1960. Ni miaka thelathini na minne ya kunakili barua za watu wengine. Wasomaji wake wengi humkumbuka kama mshairi na kusahau ukarani huo, ilhali hapo ndipo mahali pa kuanzia mtu akitaka kuielewa sauti yake. Karani hutii, hupangwa na kuhamishwa. Wala hana ruhusa ya kumkosoa bwana wake hadharani.

Nyumbani hakukosa msiba. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki wakiwa bado vijana, naye akamlilia katika shairi lenye jina la marehemu. Binti yake alimtungia Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, tenzi za wosia ambazo baba aliyekuwa akiishi kwa amri za uhamisho aliona afadhali ziwe kwenye karatasi.

Wengine waliozaliwa mwaka huohuo walishika njia nyingine. U Thant wa Burma alianza kama mwalimu wa shule, na mnamo Novemba 1961 akawa kaimu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mwezi mmoja baadaye Tanganyika huru ilijiunga na umoja huo. Kwame Nkrumah alizaliwa Nkroful, katika Ghana ya leo, na kwa kawaida tarehe yake hutajwa kuwa 21 Septemba 1909, ingawa mama yake alishikilia kwamba ulikuwa mwaka 1912. (Kumbe si Birongo tu ambako mwaka wa kuzaliwa ulikuwa jambo la kubishaniwa!) Nkrumah alisafiri kwenda Marekani mwaka 1935 kutafuta elimu, akaiongoza nchi yake kupata uhuru mwaka 1957. Shaaban Robert hakupata chuo kikuu wala jukwaa la namna hiyo. Alijiunga na TANU, akawa mjumbe wa Baraza la Mji wa Tanga na wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, lakini silaha yake ilibaki kalamu.

Namna alivyoitumia huonekana vyema katika Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951 mtunzi akiwa bado mtumishi wa serikali. Nchi ya Kusadikika inaelea hewani. Karama anashtakiwa na Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na mapendekezo mema na kutupwa gerezani. Hakuna Mwingereza anayetajwa. Hata hivyo, ni vigumu kuamini kwamba msomaji wa mwaka 1951 hakujua nchi iliyokusudiwa. Wapo wanaomlaumu mtunzi kwa mafumbo na mahubiri yake. Lawama ya mahubiri ina ukweli, kwani wahusika wake wema ni wema kupita kiasi. Lawama ya mafumbo haimtendei haki karani.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, nusu mwaka tu baada ya uhuru wa Tanganyika, huku miswada yake kadhaa ikiwa haijachapwa. Kufikirika, aliyoiandika katika miaka ya arobaini, ilitoka Nairobi mwaka 1967. Mwaka huo Nkrumah, aliyepinduliwa mwaka uliotangulia, alikuwa akiishi uhamishoni Conakry. Nao waliozaliwa Birongo katika mwaka wa hirimu hiyo, wale ambao maisha yao hayakuandikwa popote, walikuwa wazee wa miaka hamsini na minane, wenye wajukuu waliokuwa wakisomeshwa Kiswahili darasani.