Dkt. Martin Luther: Baba Aliyefundisha Imani Nyumbani Mwake

Jina la Dkt. Martin Luther hutajwa katika kila usharika wa Kilutheri, na mara nyingi hutajwa pamoja na mambo makubwa: hoja 95 za tarehe 31 Oktoba 1517, msimamo wake mbele ya Kaisari katika mji wa Worms mwezi Aprili 1521, na kazi ya kuitafsiri Biblia katika lugha ya Kijerumani. Kuna upande mwingine wa maisha yake ambao husimuliwa kwa nadra. Kwa zaidi ya miaka 20 mtumishi huyu wa Mungu alikuwa mume, baba wa watoto sita na mkuu wa nyumba iliyojaa watu. Imani aliyoihubiri kanisani ilipimwa kila siku mezani pake, vitandani mwa watoto wake na kaburini.

Utoto wa hofu

Luther alizaliwa Eisleben, nchini Ujerumani, tarehe 10 Novemba 1483. Kesho yake alibatizwa, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Martin, akapewa jina hilo. Baba yake, Hans, alifanya kazi ya machimbo ya shaba katika eneo la Mansfeld, na mama yake, Margarethe, alikuwa mwanamke mchapakazi. Wazazi hao walijinyima ili mtoto wao apate elimu.

Hata hivyo, malezi yao yalikuwa makali. Alipokuwa mtu mzima Luther alikumbuka kwamba siku moja mama yake alimchapa hadi damu ikatoka, kisa kokwa moja tu. Siku nyingine baba yake alimwadhibu vikali hata mtoto akamkimbia, na ilimbidi mzazi huyo afanye bidii kuupata tena moyo wa mwanawe. Luther hakuwachukia wazazi wake, kwani alijua kwamba walimtakia mema. Lakini aliona kwamba ukali ule ulimjengea woga, na kwamba woga huo ulichangia kumpeleka katika maisha ya utawa. Katika ujana wake alimwona Kristo kama hakimu mwenye hasira, ambaye mtu hawezi kumkaribia bila kutetemeka.

Mwezi Julai 1505, baada ya kunusurika katika radi karibu na kijiji cha Stotternheim, aliingia katika monasteri ya Waagustino mjini Erfurt. Alifunga, alikesha na kuungama mara kwa mara, lakini hakupata amani. Amani ilimjia kwa kulisoma Neno la Mungu, alipotambua kwamba mwenye dhambi huhesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani. Mungu aliyemwogopa kama hakimu akamfahamu sasa kama Baba.

Nyumba ya Wittenberg

Tarehe 13 Juni 1525 Luther alimwoa Katharina von Bora, mtawa wa zamani aliyekuwa ametoroka na wenzake kutoka monasteri ya Nimbschen wakati wa Pasaka ya mwaka 1523. Bwana harusi alikuwa na umri wa miaka 41, na bibi harusi miaka 26. Walikaa katika jengo la iliyokuwa monasteri ya Waagustino mjini Wittenberg, na humo walijaliwa watoto sita: Hans mwaka 1526, Elisabeth mwaka 1527, Magdalena mwaka 1529, Martin mwaka 1531, Paul mwaka 1533 na Margarete, aliyezaliwa mwezi Desemba 1534.

Nyumba hiyo haikuwa ya watu wanane tu. Waliishi humo pia watoto wa ndugu waliofiwa na wazazi, wanafunzi wa chuo kikuu waliolipia chakula na malazi, wageni na wakimbizi. Katharina ndiye aliyeishikilia nyumba. Alilima, alifuga ng'ombe na nguruwe, alipika pombe ya nyumbani na kusimamia fedha, kwa sababu mume wake alikuwa mwepesi wa kutoa kuliko kuweka akiba. Pamoja na kazi hizo zote, Luther alimhimiza kusoma Biblia, na mwaka 1535 alimwahidi gulden 50 endapo angeimaliza yote kabla ya Pasaka.

Mapema, mwaka 1522, kabla hajawa na mke, Luther alikuwa ameandika kwamba baba anayefua nepi za mtoto wake kwa imani hufanya kazi inayompendeza Mungu na malaika, hata kama majirani wanamcheka. Watoto walipokuja, maneno hayo yakawa maisha yake. Kwa Luther, kulea mtoto ulikuwa wito mtakatifu uliolingana na wito wa mchungaji au mtawala.

Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya wazazi

Mwishoni mwa mwaka 1528 Luther alishiriki katika ziara za ukaguzi wa sharika za Saksonia. Mambo aliyoyaona yalimhuzunisha sana. Watu waliobatizwa na kushiriki Chakula cha Bwana hawakuijua Sala ya Bwana, wala Imani ya Mitume, wala Amri Kumi. Wachungaji wengi nao hawakuwa na uwezo wa kufundisha. Ilikuwa dhahiri kwamba matengenezo ya Kanisa yasingedumu kwa mahubiri ya Jumapili peke yake.

Mwaka 1529 alitoa Katekisimo Kubwa na Katekisimo Ndogo. Kabla ya kuwa kitabu, sehemu za Katekisimo Ndogo zilichapishwa katika karatasi kubwa ili zibandikwe ukutani. Jambo la kuangaliwa ni mtu aliyekabidhiwa kazi ya kufundisha. Vichwa vya sehemu zake kuu vinaeleza kwamba hayo ndiyo mafundisho ambayo mkuu wa nyumba anapaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa njia iliyo rahisi. Luther alimfanya mzazi kuwa mwalimu wa kwanza wa imani, na meza ya chakula kuwa darasa.

Utaratibu aliouweka ulikuwa mfupi. Asubuhi, mtu aamkapo, ajitie ishara ya msalaba, akiri imani, aombe Sala ya Bwana na sala fupi ya kujikabidhi kwa Mungu, kisha aende kazini kwa furaha. Jioni afanye vivyo hivyo, na alale mara moja bila wasiwasi. Kabla ya chakula na baada ya chakula, watoto na watumishi wakunje mikono na kushukuru. Aliwashauri waalimu wachague maneno ya namna moja wasiyabadilishe mwaka hadi mwaka, ili wadogo wasichanganyikiwe. Kwanza wajifunze maneno, baadaye maana yake.

Katika maelezo ya mwanzo wa Sala ya Bwana, Luther alifundisha kwamba Mungu anawaalika waamini wamwombe kwa ujasiri, kama watoto wapendwa wanavyomwomba baba yao mpendwa. Mtu aliyeandika hayo ndiye aliyekuwa mtoto wa Mansfeld aliyemkimbia baba yake. Alijua kwamba mtoto hulisikia neno Baba kwanza nyumbani, na hulielewa kwa kadiri ya mzazi anayemwona. Kwa hiyo alipenda kusema kwamba karibu na fimbo pawepo na tofaa, ili maonyo yaende pamoja na upendo.

Mwalimu aliyebaki mwanafunzi

Luther hakujihesabu kuwa amehitimu. Ingawa alikuwa daktari wa theolojia tangu mwaka 1512, alieleza katika utangulizi wa Katekisimo Kubwa kwamba kila asubuhi alisoma na kukariri Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana na zaburi kama mtoto mdogo. Hata watoto wake na mbwa wake walikuwa waalimu wake. Mbwa huyo, Tölpel, alipokitumbulia macho kipande cha nyama mezani bila kuwaza jambo lingine, Luther alitamani kuwa na moyo wa namna hiyo wakati wa kuomba.

Mwaka 1535 kinyozi wake, Peter Beskendorf, alimwomba amfundishe namna ya kusali. Luther alimwandikia kitabu kidogo. Alimshauri aifanye sala kuwa kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku, na aichukue kila amri kama taji lililosukwa kwa nyuzi nne: fundisho, shukrani, toba na ombi. Kama vile kinyozi mwema asivyoondoa macho yake kwenye wembe, ndivyo mwombaji asivyoacha mawazo yatangetange.

Mwaka huohuo jambo la kusikitisha lilitokea. Wakati wa Pasaka Peter alimchoma kisu mkwe wake mezani, naye akafa. Luther na rafiki zake walimwombea huruma, na hukumu yake ikawa kufukuzwa mjini na kupoteza mali yake. Mafundisho mema hayamfanyi mtu kuwa salama na dhambi, na mwenye kuanguka huhitaji ndugu watakaosimama naye.

Luther mwenyewe alikuwa na upungufu. Inasimuliwa kwamba aliwahi kumkatalia mwanawe Hans asimkaribie kwa siku tatu kwa kosa fulani, hata mke wake na rafiki zake walipomwombea. Ulimi wake ulikuwa mkali, na maandiko yake ya mwaka 1543 dhidi ya Wayahudi yaliacha jeraha kubwa, ambalo Makanisa ya Kilutheri duniani yamelikiri na kuyakataa maandiko hayo. Kila siku aliomba ondoleo la dhambi kwa sababu kila siku alilihitaji.

Siku za majaribu

Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Wengi walikimbia, lakini Luther na Katharina, ambaye alikuwa mjamzito, walibaki na kuwauguza wagonjwa nyumbani mwao. Elisabeth alizaliwa mwezi Desemba mwaka huo, na tarehe 3 Agosti 1528 alifariki akiwa bado mchanga. Luther alishangaa kuona jinsi moyo wa baba unavyoweza kulainika na kuumia kwa ajili ya mtoto.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja mwezi Septemba 1542, Magdalena, binti wa miaka 13, alipougua. Gari lilitumwa Torgau kumchukua kaka yake Hans aliyekuwa shuleni, kwa kuwa watoto hao walipendana sana. Luther alipiga magoti kando ya kitanda, akalia na kuomba. Alimwuliza binti yake kama angependa kubaki na baba yake wa duniani, na kama yuko tayari pia kwenda kwa Baba yake wa mbinguni. Binti akajibu kwamba iwe kama Mungu apendavyo. Tarehe 20 Septemba 1542 Magdalena alifariki mikononi mwa baba yake.

Ilikuwa dhahiri kwamba neno lililofundishwa mezani lilikuwa limeingia moyoni mwa mtoto. Kwa wazazi, hata hivyo, huzuni haikuondoka upesi. Luther alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mke wake walipaswa kushukuru kwa kuwa mtoto ameokoka na taabu za dunia, lakini hawakuweza kufanya hivyo bila kulia. Hakuficha machozi yake ili aonekane shujaa wa imani. Aliamini ufufuo, na aliomboleza.

Mwisho wa safari

Mwezi Januari 1546 Luther aliondoka Wittenberg pamoja na wanawe watatu kwenda kuwapatanisha watawala wa Mansfeld. Katharina alijawa na hofu juu ya afya yake. Luther alimwandikia barua za upole na utani, akimkumbusha kwamba yuko Mungu anayemtunza kuliko malaika wote, na akamshauri asome Injili ya Yohana na Katekisimo Ndogo. Katharina aliwahi kusema kwamba yote yaliyomo katika kitabu hicho yanamhusu yeye.

Alfajiri ya tarehe 18 Februari 1546 Luther alifariki Eisleben, mji alimozaliwa na kubatizwa, akiwa na umri wa miaka 62. Katika saa zake za mwisho alijikabidhi mikononi mwa Mungu kwa maneno ya zaburi. Alizikwa katika Kanisa la Ngome mjini Wittenberg. Katharina alipita katika vita, ukimbizi na upungufu wa mali, akafariki Torgau tarehe 20 Desemba 1552. Kati ya watoto wao, Hans alikuwa mwanasheria, Martin alisoma theolojia, Paul akawa tabibu, na Margarete akaolewa.

Urithi wa kila nyumba

Wamisionari wa Berlin walipofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, na wale wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, walikuja na mafundisho ya Katekisimo Ndogo. Makanisa saba yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mafundisho hayo yalikuwa tayari yamelea vizazi. Hadi leo vijana huyajifunza katika darasa la Kipaimara.

Hata hivyo, kitabu kilichoandikiwa nyumba huweza kuhamia darasani kabisa, na mzazi akadhani kwamba kazi yake imekwisha anapomkabidhi mtoto kwa mwinjilisti. Maisha ya Luther yanashuhudia vingine. Darasa la Kipaimara lina mwisho wake, na mwalimu wake ana wanafunzi wengi. Sala ya asubuhi huchukua dakika chache, haihitaji shahada wala fedha, na baba au mama aliyeianguka jana aweza kuianza tena leo. Magdalena hakujifunza kujibu siku alipougua. Alijifunza miaka mingi kabla, mezani, pamoja na wazazi waliokuwa wakijifunza naye.