Mtakatifu Inyasi wa Loyola, Mwanafunzi Mgeni Jijini Paris

Tarehe 2 Februari 1528, Kanisa likiadhimisha Kutolewa Bwana Hekaluni, mtu mmoja mwenye kuchechemea aliingia jijini Paris akitokea Barcelona. Alikuwa peke yake. Safari yote hiyo ya majira ya baridi aliifanya kwa miguu, ingawa mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjwa na mzinga vitani Pamplona mwaka 1521. Umri wake ulikaribia miaka 37, naye alikuja kusoma.

Tumezoea kumwona Mtakatifu Inyasi wa Loyola katika sanamu, ameshika kitabu cha Katiba ya Shirika la Yesu, hata tunasahau kwamba kwa miaka mingi alikuwa mwanafunzi, tena mwanafunzi wa kuhangaika. Alikuwa amesoma Barcelona, Alcalá na Salamanca, na katika miji hiyo miwili ya mwisho alitiwa kifungoni, kwa sababu aliwafundisha watu mambo ya roho bila kuwa na elimu ya teolojia.

Huko Paris alipanga katika nyumba moja na Wahispania wenzake, akajiandikisha katika chuo cha Montaigu. Mara akatambua kwamba alikuwa amerukia masomo ya juu kabla ya kuweka msingi. Basi akaketi darasani pamoja na watoto, akaanza Kilatini upya. Sisi tuliopitia seminari tunajua jinsi Kilatini kinavyomtoa kijana jasho. Sembuse mtu mzima aliyekuwa askari wa kiungwana.

Shida kubwa zaidi ilitoka nyumbani alimopanga. Kwa hati aliyokuja nayo kutoka Barcelona, mfanyabiashara mmoja alimlipa sarafu 25 za dhahabu. Inyasi hakupenda kukaa na fedha, akamkabidhi mmoja wa wale Wahispania amtunzie. Huyo akazitumia, wala hakuwa na cha kulipa. Kwaresima ilipokwisha Inyasi hakuwa na kitu. Akalazimika kuihama nyumba, akapokewa katika hospisi ya Saint-Jacques, ng'ambo ya pili ya mto Seine, akawa anaomba chakula mitaani.

Mtu aweza kudhani kwamba kwa mtakatifu ufukara kama huo ni neema tupu. Inyasi mwenyewe hakuona hivyo. Milango ya hospisi ilifunguliwa baada ya kupambazuka na kufungwa ilipogongwa kengele ya Malaika wa Bwana jioni, na chuo kilikuwa mbali. Vipindi vikampita, na saa za kusoma zikaishia katika kuombaomba. Akatafuta mwalimu wa kumtumikia ili apate riziki, akiwa amekwisha kuazimu kwamba angemwona Kristo katika bwana wake, na mitume katika wanafunzi wenzake. Hakumpata. Hatimaye mtawa mmoja Mhispania akamshauri aende Flanders kila mwaka, akawaombe sadaka wafanyabiashara wa kwao. Hivyo ndivyo alivyojilipia masomo. Mara moja alifika hata London.

Jinsi alivyokutana na Petro Faber na Fransisko Ksaveri katika chuo cha Sainte-Barbe mwaka 1529 inasimuliwa mara nyingi. Sisi tungependa kubaki kidogo na yule mwenye deni. Akiwa njiani kurudi Hispania, alikwama Rouen akingoja meli, akaugua, akamwandikia Inyasi. Ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Paris. Inyasi alishikwa na hofu kubwa asubuhi ya kuondoka, lakini akaenda, bila viatu, na kwa siku tatu hakula wala kunywa. Akamfariji mgonjwa, akamsaidia kupanda meli, akampa na barua za kumtambulisha kwa rafiki zake wa Salamanca.

Alipoyasimulia hayo uzeeni, hakumtaja jina.