Mwalimu Nyerere na Deni la Vita



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu waliotutangulia, safari hii tunamkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania. Wazee wetu waliokimbia Burundi mwaka 1972 wanamkumbuka kama kiongozi aliyewapa ardhi ya kulima. Wenyeji wetu hapa Uganda wanamkumbuka kama kiongozi ambaye jeshi lake lilimwondoa Idi Amin. Leo tumtazame upande ambao hausemwi sana: vita vile viliigharimu nini nchi yake? Tunauliza kwa sababu kati yetu bado wapo wanaoamini kwamba ukishinda vita, mambo yamekwisha.

Mtoto wa Butiama

Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 katika kijiji cha Butiama, karibu na Ziwa Viktoria. Baba yake alikuwa chifu wa Wazanaki, kabila dogo, na mama yake aliitwa Mugaya. Alichunga mbuzi kama watoto wengine, na shule aliianza akiwa na miaka 12 hivi, huko Mwisenge, Musoma. Baadaye alisoma Tabora. Mwaka 1943 alibatizwa katika Kanisa Katoliki akapewa jina la Julius. Mwaka huohuo alikuja hapa Uganda, chuo cha Makerere, kujifunza ualimu. Kwa hiyo Kampala hakuijua kwa kusimuliwa. Aliishi humo akiwa kijana.

Alifundisha Tabora, akaenda kusoma Edinburgh, akarudi akafundisha Pugu. Mwaka 1953 alimwoa Maria Gabriel. Tarehe 7 Julai 1954 yeye na wenzake walianzisha chama cha TANU, na mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu ili kuitumikia siasa. Jina la Mwalimu halikumwacha mpaka kufa.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 bila vita. Baadhi ya jirani zake walimwaga damu kupata uhuru wao, yeye akaupata kwa mikutano na kura. Mtu huyu ndiye aliyekuja kuamuru jeshi kuvuka mpaka.

Jirani mwenye silaha

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote. Nyerere alikataa kumtambua Amin, akampa Obote hifadhi Tanzania. Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliingia Uganda na silaha wakitokea Tanzania. Walishindwa vibaya, na ndege za Amin zikaipiga miji ya Bukoba na Mwanza. Serikali hizo mbili zikapatanishwa Mogadishu mwaka uleule, lakini chuki haikuisha. Tuseme ukweli: moto uliowaka mwaka 1978 ulikuta kuni zimekwisha kupangwa, na si mkono mmoja tu uliozipanga.

Wakati huo watu wa Uganda waliteseka mno. Maelfu walipotea. Kanisa lilimpoteza Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Februari 1977.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakateka eneo la Tanzania lililo kaskazini ya mto Kagera, na Amin akatangaza kwamba ni mali ya Uganda. Askari waliua wanakijiji, waliteka watu, waliswaga maelfu ya ng'ombe, walipora mitambo ya kiwanda cha sukari. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Watu wapatao 40,000 walikimbia makazi yao. Sisi hatuna haja ya kuelezwa hali yao: mama na sufuria kichwani, mtoto mgongoni, na huko nyuma moshi.

Uamuzi

Mapema Novemba 1978 Nyerere alilitangazia taifa kwamba Tanzania itapigana. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitaka kusuluhisha, lakini haukutaka kumlaumu aliyevamia. Nyerere aliona kwamba usuluhishi wa namna hiyo unamweka mwizi na mwenye nyumba kwenye mzani mmoja, akaukataa. Msumbiji ilimpelekea kikosi. Libya ilipeleka askari kumsaidia Amin. Mzigo mkubwa ulibaki kwa Watanzania wenyewe.

Januari 1979 jeshi la Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, lilivuka mpaka. Mwezi Februari liliteka Masaka na Mbarara. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka, na mwanzoni mwa Juni mapigano yalikwisha. Watu walicheza barabarani. Tangu Mwalimu alitangazie taifa ilikuwa miezi saba tu. Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa habari fupi na tamu.

Hesabu ya fedha

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu anatoa mfano wa mfalme ambaye kabla ya kwenda vitani huketi kwanza na kuhesabu askari alionao. Tanzania ilivamiwa ghafla. Hesabu nyingi zilikuja baadaye.

Jeshi lililokuwa na askari kama 40,000 liliongezwa mgambo na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa hadi likapita watu 100,000. Kila mmoja alitaka sare, viatu, bunduki na chakula cha kila siku. Malori na mabasi ya mikoani yalichukuliwa kupeleka askari na mizigo mpaka Kagera, mwendo wa mamia ya kilomita. Mafuta yalinunuliwa kwa fedha za kigeni. Lori lililobeba risasi halikubeba pamba wala kahawa. Mazao yakikwama vijijini, fedha za kigeni hazipatikani. Na zisipopatikana, hakuna dawa, vipuri wala sabuni. Ndivyo risasi iliyopigwa Uganda ilivyomfikia mama wa Songea ambaye hajawahi kumwona askari wa Amin.

Gharama ya vita imekadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 500. Kiasi hicho kinakaribia mapato ya mwaka mzima ya vitu vyote ambavyo Tanzania iliuza nje wakati ule. Nchi hiyo ilikuwa imetangaza mwaka 1977 kwamba kila mtoto atasoma shule ya msingi, na ilikuwa inajenga zahanati vijijini. Fedha za vita zilikuwa tayari na kazi nyingine.

Baada ya ushindi Nyerere aliwaambia wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi 18 ilipita, mkanda haukulegea. Foleni zilikuwa ndefu kwa ajili ya sukari, unga, mafuta ya taa na kitambaa. Sabuni ilipokosekana, watu walifua kwa majani ya mpapai. Unga wa njano wa msaada uliliwa kwa manung'uniko, lakini uliliwa.

Haki inadai tuseme kwamba vita havikuwa sababu pekee. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, bei ya mafuta ilipanda sana mwaka 1979, bei ya kahawa ilishuka. Na zipo sera za Mwalimu mwenyewe zilizoumiza wakulima, hasa kuhamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa. Lakini nyumba yenye nyufa ikipigwa na gari, usiseme ni nyufa tu zilizoiangusha.

Hesabu ya roho

Gharama ya pili haiandikwi kwenye vitabu vya benki.

Askari wa Tanzania walikuwa wameona miili ya ndugu zao Kagera. Walipoingia Mutukula, mji wa mpakani, walilipiza kisasi: waliua raia na kubomoa mji. Nyerere aliposikia alishtuka, akaamuru raia na mali zao wasiguswe tena. Hata hivyo, Masaka ilipotekwa, majengo mengi yalilipuliwa kwa baruti, na Mbarara nayo iliharibiwa. Wengi wetu tuliofika hapa kupitia Mutukula tulipita katika miji hiyo bila kujua. Mganda aliyeuawa Mutukula hakuwa amemtuma Amin. Ndivyo vita vilivyo, havina macho. Hata mwenye haki, akishampa kijana bunduki na uchungu, hawezi kuukamata kila mkono.

Amin alikimbia, amani haikuja. Kuanzia Aprili 1979 hadi Desemba 1980 Uganda ilikuwa na serikali nne, moja baada ya nyingine, huku askari wa Tanzania wakiwa bado nchini. Kisha vikaja vita vya msituni, vilivyoumiza sana watu wa Luwero na kuendelea mpaka Januari 1986. Watu wa West Nile walikimbilia Kongo na Sudan. Kule Moroto, askari wa Amin walipoikimbia kambi yao, bunduki zilizobaki zilichukuliwa na wafugaji, na wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukawa wa risasi kwa miaka mingi. Bunduki haistaafu vita vinapokwisha.

Nje, Nyerere alilaumiwa. Katika mkutano wa viongozi wa Afrika mjini Monrovia, Julai 1979, Sudan na Nigeria zilimshutumu kwa kuingia nchi ya mwingine na kuangusha serikali. Yeye alijibu kwamba Amin ndiye aliyeanza. Lakini swali lilikuwa zito: kama jirani mwema anaweza kuvuka mpaka kwa sababu njema, nani atamzuia jirani mbaya atakayedai sababu kama hiyo? Sisi tuliotoka nchi ambazo mipaka yake imevukwa na majeshi mengi, kila moja na sababu yake, tunalielewa swali hilo.

Nyumbani nako mioyo ilichakaa. Kiongozi aliyehubiri usawa na kujitegemea aliona watu wake wakinunua sukari kwa mlango wa nyuma na kuhonga ili wapate bati. Mwaka 1983 serikali ilifanya msako wa walioitwa wahujumu uchumi. Maelfu walikamatwa, na wengine walitupa bidhaa usiku kwa hofu. Njaa ya vitu iliwafundisha watu uongo ambao hawakuwa nao.

Miaka ya mwisho

Katika taabu hiyo yote, Tanzania haikufunga mlango. Mwaka 1980 ilitoa uraia kwa wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000. Warundi waliendelea kulima Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Mwaka 1983, foleni zikiwa bado ndefu, Nyerere alipewa Nishani ya Nansen, tuzo ya wale wanaowatumikia wakimbizi. Tukumbuke jambo hili tunapoona wenyeji wetu nao wana shida: mara nyingi anayetupokea si aliye na ziada.

Mwaka 1985 aliachia urais kwa hiari, akarudi Butiama kulima. Mwaka uliofuata serikali mpya ilikubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa ambayo yeye aliyakataa kwa miaka mingi.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kupatanisha Warundi, kwanza Mwanza mwaka 1996, kisha Arusha kuanzia mwaka 1998. Mzee aliyewahi kutoa amri ya vita sasa aliketi siku nyingi mezani na watu wasiotaka hata kutazamana. Hakuuona mwisho wa kazi hiyo. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, akazikwa Butiama. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini Agosti 2000, chini ya Mzee Nelson Mandela. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri.

Tujifunze nini?

Hatusemi kwamba Mwalimu alikosea kuilinda nchi yake. Watu wa Kagera walikuwa wanauawa, na mchungaji asiyelinda kundi si mchungaji. Tunasema hivi: hata vita vyenye sababu ya haki, hata vikipiganwa kwa miezi michache na kuisha kwa ushindi, vina deni. Huko Kaboya, wilaya ya Muleba, yapo makaburi ya mamia ya askari walioshinda. Na deni lililobaki lililipwa na mkulima, na mwanafunzi, na mama kwenye foleni, na Mganda wa Luwero. Wengi wao hawakuulizwa.

Kama vita vya haki vina deni la namna hiyo, je, vile vya tamaa vina deni gani? Vijana wetu wanajua kwamba wakati mwingine hupita watu wakinong'ona juu ya kurudi nyumbani na bunduki, wakiahidi kwamba kazi itakuwa fupi. Mwulizeni mtu huyo nani atalipa, na kwa miaka mingapi. Kisha mje muwaulize mama zenu, maana wao wanajua tayari. Wapiganapo tembo, nyasi huumia, na sisi ni nyasi zilizong'olewa zikapandwa mbali.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Vita vilivyotutoa kwetu viliigharimu familia yetu nini ambacho si fedha?
2. Tunawafundisha watoto wetu nini juu ya watu wa kabila au nchi iliyotuumiza?
3. Tunawezaje kuwashukuru wenyeji wanaotupokea hali nao wana shida zao?

Tuombe

Ee Mungu wetu, wape viongozi wa nchi zetu moyo wa kuketi na kuhesabu kabla ya kuwasha moto. Waponye walioua na waliofiwa. Walinde vijana wetu. Uturudishe nyumbani kwa amani, nasi tusimlipishe mtu mwingine deni letu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.