Mtumwa wa Fumba Aliyeitwa Siti

Mjukuu wangu wa kike, ambaye mwaka huu ametimiza miaka kumi, alinijia barazani jioni moja na daftari lake mkononi. Mwalimu wao alikuwa amewaagiza kila mmoja aandike habari za mwanamke mashuhuri wa zamani, naye alikuwa keshapanga majina matatu: malkia mmoja wa Misri, malkia mmoja wa Uingereza, na Mekatilili wa Menza. Huyo wa tatu nilimsifu kwa kumkumbuka, kwani ni wetu na kazi aliyoifanya yajulikana. Lakini nilipoitazama ile orodha niliona kwamba mtoto amekwisha kuamini jambo moja, nalo ni kwamba mwanamke hatajwi ila awe amevaa taji au ameongoza vita. Nikamwuliza kama amepata kumsikia Siti binti Saad. Naye, maskini, akaniuliza alikuwa malkia wa wapi.

Niliona haya, tena si kwa ajili yake. Mimi ninayejigamba kuwa mtunga mashairi, ninayekula mkate wangu kwa lugha ya Kiswahili, nimekaa na mtoto huyu miaka kumi bila kumtajia jina la mwanamke aliyekifikisha Kiswahili mahali ambapo washairi wengi hatujakifikisha. Basi usiku ule nilimweleza, na haya niyaandikayo hapa ni yale niliyomwambia, pamoja na machache niliyomficha kwa ajili ya umri wake.

Bibi huyu alizaliwa mnamo mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, zama za utawala wa Seyyid Barghash. Baba yake Saad alikuwa wa asili ya Kinyamwezi na mama yake wa asili ya Kizigua. Jina alilopewa utotoni halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa.

Hapo mjukuu wangu alinikatiza, akitaka kujua mzazi gani amwitaye mwanawe hivyo. Majina ya namna hiyo yalikuwako pwani yetu, na si kila aliyelibeba alikuwa mtumwa kweli. Hata hivyo neno hilo halikuwa mzaha siku zile. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, miaka michache tu kabla ya kuzaliwa kwake, na utumwa wenyewe haukuondolewa kwa sheria mpaka mwaka 1897, naye keshakuwa msichana mkubwa. Mtoto wa mashamba, mweusi, mwenye wazazi wa asili ya bara, akiitwa Mtumwa katika nchi ya mabwana na watwana: msomaji aweza kukadiria mwenyewe jina hilo lilivyokuwa na uzito kila lilipoitwa.

Shule hakusoma. Alichorithi ni ufinyanzi. Alijifunza kuuponda udongo, kuufinyanga, kuuanika na kuuchoma, kisha kuvitia vyungu na mitungi kichwani na kushika njia kwenda kuuza. Kutoka Fumba mpaka mjini ni mwendo wa saa nyingi kwa miguu, na mzigo wenyewe ni wa udongo, ukijikwaa mara moja umepoteza kazi ya siku kadhaa. Mchuuzi wa vyungu hana budi kuitangaza bidhaa yake, naye Mtumwa aliitangaza kwa kuimba. Inasimuliwa kwamba watu waliitambua sauti yake kabla hawajamwona mwenyewe, na wanawake wakatoka majumbani, huyu ataka chungu na yule ataka kusikiliza tu.

Mwaka 1911 aliuacha ufinyanzi akahamia mjini. Niseme mjini gani, kwani Unguja ilikuwa na miji miwili. Upande mmoja ni Mji Mkongwe, wenye majumba ya mawe, majumba ya masultani na milango ya nakshi. Upande wa pili wa hori ni Ng'ambo, penye nyumba za udongo na makuti, walikokaa wavuvi, mafundi, wapagazi, vibarua, na umati wa watu waliotoka utumwani pamoja na watoto wao. Siti akawa mtu wa Ng'ambo.

Muziki wa taarabu ulikuwako tayari, lakini ulikuwa wa upande ule mwingine. Seyyid Barghash ndiye aliyeupenda akauleta kutoka Misri, hata akampeleka kijana mmoja, Mohamed bin Ibrahim, kwenda Kairo kujifunza kinanda cha kanuni. Mwaka 1905 waungwana wa mjini waliunda chama chao cha Ikhwani Safaa. Waimbaji walikuwa wanaume, nyimbo zilikuwa za Kiarabu, na wengi wa wasikilizaji, hata wale waliotikisa vichwa kwa raha, sidhani kama waliyafahamu yote yaliyoimbwa. Nasema hivyo kwa kuwa najijua mimi mwenyewe: miaka mingi chuoni niliisoma Kurani kwa ufasaha kabla sijajua maana ya robo ya niliyoyasoma.

Huko mjini mwanamuziki mmoja aliisikia sauti ya binti huyu akamchukua kumfundisha. Alijifunza mahadhi, alijifunza kwenda sambamba na udi na fidla, akajifunza na kuimba kwa Kiarabu. Wakajikusanya naye mafundi ambao majina yao yanastahili kuandikwa: Subeti Ambar, Buda bin Swedi, na Mbaruk Talsam, ambaye sifa zake hazikosi kutajwa hata huku kwetu Mombasa. Wakawa wanaalikwa kwenye harusi na karamu za wakubwa, hata katika jumba la Sultani. Jina la Mtumwa likaanguka njiani. Akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima, na tangu hapo hakuna aliyemwita vingine.

Lakini mji hausamehe haraka. Wako waliokereka kumwona mwuza vyungu wa jana akipokewa leo kwa uvumba na marashi. Wakamtungia wimbo wa kumsimanga, kwamba alitoka shamba bila kitu, kwamba ukoo wake haujulikani, na kwamba sura yenyewe hana. Mwenye kuijua pwani yetu ajua mashairi ya kejeli yanavyokata. Siti alijibu kwa njia ile ile waliyomjia, yaani kwa wimbo. Hakukana kwamba alitoka shamba wala hakujipachika ukoo ambao si wake. Aliwaambia kwamba uzuri wa sura na nasaba si hoja, na kwamba upungufu wa kuonewa haya ni upungufu wa akili. Jibu hilo likaimbwa mji mzima, na ule wimbo wa maadui zake ukabaki kukumbukwa kwa sababu ya jibu lake. Mjukuu wangu alitaka nirudie mahali hapo mara mbili. Nadhani ana mtu shuleni anayemsumbua.

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa, ilimsafirisha Siti na wenzake kwa meli mpaka Bombay, India, wakaimbe huko na nyimbo zitiwe kwenye sahani, maana Afrika ya Mashariki haikuwa na mitambo hiyo. Mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu kutoka Fumba akavuka bahari ya Hindi kwa ajili ya sauti yake. Sahani zile ziliporudi zilinunuliwa kwa wingi ambao kampuni yenyewe haikuutazamia. Zilipigwa kwenye migahawa ya kahawa na majumbani, Unguja na Pemba, Tanganyika, na kwetu Mombasa na Lamu. Waliokuwa hawana santuri walikusanyika kwa wenye nazo. Kampuni nyingine nazo zikaja mbio kutafuta waimbaji wa Kiswahili, na mlango alioufungua Siti ukapitiwa na wengi.

Sasa nifike kwenye lile ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko Bombay. Nyimbo za Siti hazikuwa za mapenzi matupu. Nyumba yake ya Ng'ambo usiku ilikuwa kama baraza la mtaa. Watu walikuja kusikiliza mazoezi, wakaleta na habari za mchana: nani kaonewa, nani kahukumiwa, nani kala mali ya nani. Habari hizo zikatungwa kwa beti za mistari mitatu mitatu, zenye vina safi, zikaimbwa. Kulikuwa na karani mwenye kalamu na cheo aliyewala fedha wanawake wasiojua kusoma. Aliposhikwa akatiwa gerezani na kuvunjishwa mawe, Siti alimwimba, na kila aliyepata kudhulumiwa kwa karatasi asiyoweza kuisoma aliushika wimbo huo kama wake.

Na uko wimbo wa Kijiti. Huu ndio niliomficha mjukuu wangu, nikamwambia atausikia akiwa mkubwa. Mwanamke mmoja, mgeni kutoka Dar es Salaam, naye ni mja mzito, alichukuliwa kwenye tafrija na mtu aitwaye Kijiti, akamtendea ubaya kisha akamwua. Mwuaji akatorokea bara, hakutiwa mkononi. Waliofikishwa mahakamani ni wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu, kwa kuwa ati wao ndio walionunua ulevi wa tafrija ile, na wakahukumiwa. Haya si maneno ya kuimbwa mbele ya mabwana wakubwa kwa furaha. Siti aliyaimba, akamtaja mwuaji kwa jina, akamtaja na jaji, wimbo ukaingia kwenye santuri, na tangu siku hiyo Kijiti hakuweza kujificha tena mahali popote palipo na sahani na sindano. Magazeti ya siku zile yalisomwa na wachache. Mimi niliyeifanya kazi ya uandishi wa habari miaka thelathini najua kuna visa tulivyoviacha kwa kuogopa wakubwa, na nikimsikiliza bibi huyu huinamisha kichwa.

Nyumbani kwetu alikuwako nyanya, mama yake baba, aliyekuwa na sahani mbili za Siti alizozifunga ndani ya kanga kuukuu na kuzitia sandukuni. Maalimu wangu wa chuoni alikuwa haridhiki na santuri, na sisi wanafunzi tuliambiwa tuzibe masikio tukipita penye muziki. Nyanya hakubishana naye. Alingoja nirudi chuoni, niweke msahafu wangu mahali pake, nile, kisha ndipo afungue sanduku. Nilichokitambua mara ya kwanza, nami ni mtoto wa miaka minane au tisa, ni pumzi. Jinsi alivyoivuta sauti bila kuikata, jinsi kila herufi ilivyotoka mahali pake pa haki, ndivyo tulivyokuwa tukifundishwa kwa bakora asubuhi. Sikumwambia maalimu. Mola amrehemu, naye alikuwa mtu mwema.

Uzeeni Siti alipata bahati ambayo waimbaji wengi hawaipati. Muda si mrefu kabla ya kufa kwake alifikiwa na Shaaban Robert, yule bingwa wa Tanga, akakaa naye na kuyapokea maisha yake kutoka kinywani mwake mwenyewe. Kitabu kilichotokana na mazungumzo hayo, Wasifu wa Siti binti Saad, kilichapishwa mwaka 1958. Mtunzi huyo, ambaye angeweza kuandika wasifu wa masultani akalipwa vizuri, alichagua kuandika wa mfinyanzi.

Siti alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950. Bi. Kidude, aliyefariki mwaka 2013 baada ya kuizunguka dunia kwa uimbaji wake, alikuwa akieleza kwamba alijifunza kwa kumsikiliza Siti. Na mwaka 1988 wanawake waandishi wa habari wa Tanzania walipoanzisha jarida lao walilipa jina Sauti ya Siti. Kwa hiyo wenzetu hawakumsahau. Ni sisi wa upande huu, nahofia, tunaompiga kwenye harusi bila kuwaambia watoto ni nani anayeimba.

Sahani za nyanya zilivunjika zamani, lakini siku hizi nyimbo hizo zinapatikana kwenye simu, na mjukuu wangu alizitafuta mwenyewe kabla mimi sijapata miwani yangu. Tulisikiliza moja. Aliniuliza kwa nini nyuma ya sauti kuna mlio kama wa bisi zinazokaangwa, nikamweleza habari za sindano na mikwaruzo. Akausikiliza mpaka mwisho, akaurudia, kisha akaenda kulala.

Asubuhi daftari lilikuwa mezani. Malkia wa Uingereza alikuwa amefutwa, na mahali pake ameandikwa Siti binti Saad, mfinyanzi wa Fumba. Kwamba alikuwa mwimbaji pia, alisahau kuandika. Nilimkimbilia mpaka kwenye kona ya mtaa kumkumbusha.