Ua la Sultani katika Kopo la Samli

Hapa Makina, Kibera, barazani pangu pana kopo la samli lenye ua dogo jekundu. Mche nilipewa na bibi mmoja wa Kinubi, naye alirithi kwa mamake. Ukikata kitawi ukakitia majini, siku chache tu kinatoa mizizi. Nimezidi kulipenda tangu nilipojua kwamba lina habari ya Unguja.

Aliyelipeleka Ulaya ni Sir John Kirk, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1832. Alikuwa tabibu na mjuzi wa mimea, akasafiri na Livingstone mtoni Zambezi, kisha akafika Unguja mwaka 1866. Wengi humkumbuka kwa siasa: ndiye mwakilishi wa Uingereza aliyembana Seyyid Barghash, hata soko la watumwa likafungwa mwaka 1873. Lakini kwake Mbweni alikuwa mkulima, akipanda miche ya kila namna na kupeleka mbegu Kew, bustani kuu ya mimea ya Uingereza.

Ua hili lilipochanua huko, mwaka 1882 wataalamu walilipa jina la Sultani wa Unguja. Ajabu iliyoje! Aliyebanwa ndiye aliyetunukiwa ua. Halafu ikaonekana kwamba mmea huo ulikwisha pewa jina la Waller, mmishionari rafiki wa Kirk, na kwa kanuni zao jina lililotangulia ndilo lishikalo.

Kirk alifariki Uingereza mwaka 1922. Mimi kopo langu naliita Sultani.