Mtumwa Aliyeokota Jaani Akafufua Ardhi

Kila nipitapo penye jaa la mtaani kwetu asubuhi ya Jumatatu, baada ya harusi za mwisho wa wiki, humkumbuka bwana mmoja wa Marekani aliyefariki mwaka 1943. Jina lake George Washington Carver. Hapo jaani utaukuta wali wa pilau umemwagwa masinia kwa masinia, maganda ya ndizi, machicha, makumbi na vifuu, na mara nyingi kijana amekwisha kutia kibiriti na moshi umo madirishani mwa watu. Sisi tuliosoma chuoni tulikalishwa mpaka tuokote chembe ya mwisho iliyoanguka mkekani, na neno israfu tulilijua kabla ya kujua kusoma. Sijui tulilisahau lini. Bwana Carver alikuwa Mkristo, hakukaa kwenye mkeka kama wetu, lakini jaa kwake lilikuwa duka.

Alizaliwa mtumwa. Mwaka wenyewe haujulikani kwa yakini, hukadiriwa kuwa 1864 hivi, katika jimbo la Missouri, shambani kwa Mzungu aitwaye Moses Carver. Kuzaliwa kwa mtumwa hakukuwa jambo la kuandikwa kitabuni. Tusilisikie hili kama hadithi ya mbali, maana hapa kwetu Pwani ya Kenya utumwa haukuondolewa kisheria ila mwaka 1907, na wazee waliotulea waliwajua watu waliokuwa na bei.

Angali mchanga, majambazi walivamia shamba usiku wakamwiba yeye na mamaye, Mary, wakawauze kwingine. Mtoto alipatikana, na inasemekana aliyemrudisha alilipwa farasi. Mama hakuonekana tena. Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, George na nduguye Jim walilelewa na Moses Carver na mkewe Susan. George alikuwa mgonjwa mgonjwa, hakuwa wa kazi ya jembe, basi akabaki na Bi. Susan nyumbani, akajifunza kupika, kufua, kushona na kutunza bustani. Naomba msomaji aliweke jambo hilo akilini. Bwana huyu aliyekuja kuitwa profesa alianzia jikoni, na kazi za jikoni hakuziona duni maisha yake yote. Watoto wetu wa kiume wangapi leo wajua ndani ya kapu la mama zao kuna nini?

Shule ya watu weusi haikuwako karibu. Akiwa na miaka kumi na kitu alikwenda mji wa Neosho kwa miguu kutafuta elimu, akapokewa na mama mmoja mkunga, Mariah Watkins, mjuzi wa mitishamba. Baadaye alitangatanga Kansas akiishi kwa kufulia watu nguo. Mwaka 1879, mjini Fort Scott, aliona kwa macho yake mtu mweusi akiuawa na kundi la Wazungu, akauhama mji ule. Chuo kimoja kilimkubali kwa barua, naye alipofika mlangoni na rangi yake ikaonekana, kikamfukuza.

Mwaka 1890 alipata nafasi katika chuo cha Simpson, huko Iowa, akasomea kuchora. Na alikuwa mchoraji hasa, kwani picha yake moja ilitajwa kwa heshima katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893. Mwalimu wake, Bi. Etta Budd, ndiye aliyemshauri ageukie kilimo, naye mwaka 1891 akaingia chuo cha kilimo cha Iowa, mwanafunzi mweusi wa kwanza kusoma pale. Mimi nimeandika mashairi tangu ujana, na kila nifikapo hapa katika maisha ya bwana huyu husita. Angeniambia mtu niweke kalamu nikasomee udongo, ningekubali? Yeye alikubali, kwa sababu aliona watu wake watafaidika zaidi na shamba kuliko picha. Akapata shahada mwaka 1894, na ya pili mwaka 1896.

Mwaka huo huo wa 1896 aliitwa na Booker T. Washington, naye mtu aliyezaliwa mtumwa, aje kufundisha katika shule ya Tuskegee, jimbo la Alabama. Alifika akakuta maabara haina kitu. Akawatoa wanafunzi wakapekua majaa, wakarudi na chupa, mitungi, nyaya, vifuniko vya masufuria. Kidau cha wino kikatiwa utambi kikawa taa ya kuchemshia dawa, na kikombe kizito kikawa kinu cha kutwangia. Elimu ya kemia ikaanza hivyo.

Lakini jaa kubwa lilikuwa ni ardhi yenyewe. Pamba ilikuwa imepandwa mwaka baada ya mwaka mpaka udongo ukachoka, ikapandwa hadi kizingitini mwa nyumba, pasibaki pa kuotesha hata mche wa mboga. Mkulima mweusi alilima shamba la mwenyewe kwa kugawana mavuno. Chakula alikopa dukani na mbolea ya viwanda alikopa dukani, na mwisho wa msimu pamba yake yote ikaishia kulipa deni. Nyama ya mafuta, unga wa mahindi na asali ya miwa, hicho ndicho chakula chake cha mwaka mzima, na maradhi yakamla. Basi kumwambia mtu kama huyo anunue hiki na kile ni kumzidishia minyororo. Carver alilielewa hilo kuliko wataalamu wengi wa zamani zake, na wa zamani zetu pia, na ndiyo sababu kila alilofundisha lilianza na kitu kisichonunuliwa.

Mbolea ilikuwako bure. Aliwafundisha watu wazoe majani makavu ya msituni na tope jeusi la bwawani, wayapange tabaka kwa tabaka na samadi ya zizini, walifunike fungu ili mvua isilioshe, waliache lioze majira ya baridi, kisha walipeleke shambani. Kwa kuwa kunde na njugu huvuta naitrojini kutoka hewani zikairudisha katika udongo, aliwahimiza wazipande kwa zamu na pamba. Kijitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1898, kilihusu kuwalisha nguruwe njugu za mialoni zilizokuwa zikiozea msituni. Sisi nguruwe si wetu, na hilo tumwachie mwenyewe, ila nia yake naifahamu. Kingine, cha mwaka 1911, kilionyesha namna ya kupaka nyumba rangi kwa udongo wa vilimani, bila kununua kopo. Magugu ambayo watu waliyang'oa na kuyatupa aliyapika akayala, na mwaka 1942, mzee sasa, aliandika juu ya mboga za mwituni. Nikilisoma hilo nasikia harufu ya mchunga na mnavu wa nazi wa marehemu mama yangu. Siku hizi ukimtilia mgeni mchunga sahanini hudhani umefilisika.

Wasiojua kusoma hawakuachwa. Mwaka 1906 lilitengenezwa gari la kukokotwa, likaitwa gari la Jesup kwa jina la tajiri aliyetoa fedha, likawapelekea wakulima vyombo, mbegu na masomo huko huko vijijini.

Mnamo 1910 hivi, fukusi wa pamba aliyetokea Mexico aliingia Alabama, na walioshikilia pamba peke yake wakaona cha mtema kuni. Hapo ndipo kunde, viazi vitamu na njugu zilipopata wasikilizaji. Mwaka 1916 Carver alitoa kijitabu chenye njia 105 za kuandaa njugu kwa chakula. Mwaka 1921 alikwenda mbele ya kamati ya Bunge mjini Washington kuwatetea wakulima wa njugu. Alipewa dakika kumi. Baadhi ya wajumbe walianza kwa kejeli, naye akawatolea vitu alivyovitengeneza kimoja kimoja kutoka mkobani, na dakika kumi zikapita wao wenyewe wakitaka aendelee.

Tangu siku hiyo sifa zilimjia mpaka zikazidi kipimo. Wengi hudhani yeye ndiye aliyebuni siagi ya njugu. Si kweli, ilikuwako kabla yake. Katika mamia ya vitu alivyovitoa katika njugu na viazi, vilivyoingia sokoni ni vichache mno, na hataza alizoandikisha ni tatu tu. Naona magazeti ya wakati ule yalimdhulumu kwa kumsifu vibaya, kwani yalimwona mchawi wa njugu, yasimwone mtu wa samadi na majani makavu.

Hakuoa. Alidamka kabla ya jua akaenda msituni kutazama mimea na kumwomba Mola wake, kisha akarudi kazini. Koti lake lilikuwa kuukuu lenye viraka, na ua bichi kifuani kila siku. Mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka alioanza nao hakuujali sana, hata hundi zake akazisahau. Alichojiwekea maisha yake yote, kiasi cha dola 60,000, alikitoa kwa ajili ya utafiti uendelee Tuskegee baada yake. Alifariki tarehe 5 Januari 1943 kufuatia kuanguka nyumbani, akazikwa pale shuleni, ubavuni mwa Booker T. Washington.

Nami nina la kukiri. Nyuma ya nyumba yangu pana kiwanja kidogo chenye mlimau na mipapai miwili, na kwa miaka mingi kila Jumamosi nilifagia majani nikayachoma, kisha Jumatatu nikanunua mfuko wa mbolea kwa ajili ya mlimau ule ule. Nilipomaliza kusoma habari za Bwana Carver nilichukua jembe nikachimba shimo. Humo sasa huenda majani, maganda, na makumbi nikiisha kuyapasua. Machicha hayafiki, huishia kwa kuku. Mke wangu alinicheka wiki mbili, akisema mshairi amegeuka mzoa taka. Juzi niliporudi kutoka sala ya Alasiri nilimkuta ameinama shimoni na ndoo, akichota udongo mweusi kwa mkono kuutia katika vyungu vyake vya mrehani. Sikusema kitu, nikapita ndani.