Karl Benz na Mashini ya Motokari

Karl Benz alizaliwa mwaka 1844 katika nchi ya Ujerumani. Baba yake aliendesha gari la moshi, akafa Karl angali mtoto mdogo. Mama yake, ingawa alikuwa maskini, alimsomesha.

Karl alipokuwa mtu mzima alitaka kuunda gari lisilovutwa na farasi. Lakini litiwe mashini gani? Mashini ya mvuke ilitaka makaa na maji mengi. Mashini ya gesi aliyoiunda mwenyewe mwaka 1879 ilikuwa nzito, ikafaa kukaa kiwandani tu. Basi akaunda nyingine, nyepesi, ya kutumia mafuta kama petroli. Bertha, mke wake, alikuwa ametoa mali yake ili kazi isife. Mwaka 1886 motokari ya magurudumu matatu ikatembea barabarani.

Lakini watu hawakuinunua. Mwezi wa Agosti 1888 Bertha aliondoka na wanawe wawili, Eugen na Richard, bila Karl kujua. Walitoka Mannheim wakafika Pforzheim, kilometa zaidi ya 100. Mafuta waliyanunua katika duka la dawa. Mrija ulipoziba, Bertha aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Penye vilima mashini ilishindwa, watoto wakashuka kusukuma.

Waliporudi walimweleza Karl yote. Naye akaongeza gia ya kupandia vilima.

Karl alikufa mwaka 1929. Fundi mwenye akili hadharau shauri la watu wa nyumbani mwake.